Nondo Kwenye Ndoo ya Asali

Kule Chome, nyumba ya Lukia ulikuwa unainusa kabla hujaiona. Ukipanda njia ya migombani, baridi ya msitu wa Shengena ikikupiga shingoni, ulianza kusikia harufu ya nta na moshi, halafu ya makande yanayotokota, ndipo bati likatokeza. Mumewe, Erasmo, alikuwa mrina asali. Lukia aliolewa hajui hata mzinga unavyofunguliwa, akaanza kwa kumshikia mwenge wa moshi, na baada ya miaka mingi hakuna aliyejua tena nani anamsaidia nani.

Erasmo aliugua kifua muda mrefu, akafariki. Haikupita miaka mingi, macho ya Lukia nayo yakaanza kumwacha. Mwanzoni hakujua. Alidhani mwaka ule ukungu umezidi. Asubuhi moja alimwambia jirani waliyekuwa wakilima naye, "Ukungu wa safari hii haunyanyuki jamani, mpaka saa hizi!" Jirani akasimamisha jembe, akamtazama. "Ukungu gani, Mama Anaeli? Jua linawaka." Lukia aliendelea kulima kwa kupapasa, na jioni alipofika nyumbani alikaa kitandani akalia, kisha akanawa uso akapika.

Hakwenda hospitali. Alijiambia ni uzee, kwamba mama yake naye aliishia hivyohivyo. Na kushuka mpaka Same mjini kwa barabara ile, mtu haoni anapokanyaga, ilikuwa kazi ya kumwomba mtu, na Lukia hakuzoea kuomba.

Mwanawe wa pekee, Anaeli, alikuwa akifanya biashara ya samaki kando ya ziwa la Nyumba ya Mungu. Alipomleta mke nyumbani, mama yake alikuwa amebakiwa na uwezo wa kutofautisha mwanga na giza tu. Aliona kivuli mlangoni, akasikia sauti nyembamba.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Wewe ndiye Stumai?"

"Ndiye mimi."

Stumai alikuwa binti wa Abdulmajid, muuza vitambaa wa Same. Yeye Mwislamu, Anaeli Mlutheri. Walifunga ndoa bomani na kila mmoja akabaki na dini yake. Lukia hakuwa na neno juu ya hilo. Alichohofia ni kingine: msichana aliyekulia kwenye joto la mjini, karibu na lami, ataiweza baridi ya Chome? Ataweza kubeba mbolea mgongoni kwenye mteremko? Moyoni alimpa msimu mmoja tu wa mvua.

Mvua zikaja zikapita, nyingine zikaja, Stumai yupo. Anaeli alirudi ziwani kwenye biashara yake, akawa anapanda mlimani mara mojamoja. Stumai alijifungua mtoto wa kike, wakamwita Faraja. Alijifunza kulima viazi na kuchuja asali, na alijifunza pia kumwongoza mama mkwe wake bila kumburuza: aliweka kiwiko chake karibu, mwenyewe akakishika akitaka. Walizoeana hivyo, mtu na mkwewe. Lakini Lukia alikuwa na jambo moja lililomsumbua ambalo hakulisema kwa mtu. Hakujua sura ya huyu aliyekuwa akimpakulia chakula kila siku. Akimwota, alimwota ana sauti tu.

Mwaka huu, mara baada ya masika, Stumai alisikia tangazo redioni kwamba madaktari wa macho watakuwa hospitalini Same, wanapasua mtoto wa jicho bila malipo. Akaja mbio kutoka jikoni.

"Mama, twende. Wanasema wengi wanaona tena."

"Kwa uzee huu?"

"Hasa kwa uzee huo."

Lukia alikataa, akakataa tena, kisha siku moja akiwa anamvisha Faraja gauni akamvisha nyuma mbele, na mtoto akacheka. Akasema, "Haya. Tutakwenda."

Basi, wakati wanajiandaa kwa safari hiyo, ndipo alipoingia yule nondo.

Ilikuwa jioni, giza linaanza kuingia. Zebedayo, binamu yake Erasmo ambaye tangu msiba alikuwa akiirina mizinga ya Lukia, alileta masega siku hiyo na alikuwa amekaa anakunywa chai. Stumai alikuwa anachuja asali kwenye ndoo kwa kitambaa, taa ya sola imewashwa. Lukia alisikia kitu kinaingia dirishani kwa kishindo, kama popo mdogo. Kikagonga taa, kikagonga ukuta, kikadondoka kwenye ukingo wa ndoo.

Stumai alipiga ukelele. Kiti cha Zebedayo kikaanguka.

"Usimguse!" Zebedayo alisema. "Lete ufagio! Lete hata kandambili!"

Ndipo kile kitu kikalia. Kililia kwa sauti nyembamba, ya kukatakata, kama panya aliyebanwa au kifaranga aliyepotewa na mama yake. Stumai alizidi kuogopa, kwa maana hajawahi kusikia mdudu wa mbawa akilia. Lakini Lukia aliposikia sauti ile, mwili wake wote ulirudi miaka ya nyuma, chini ya mti, Erasmo yuko juu ameinama kwenye mzinga.

"Msimwue," alisema. "Ni nondo wa mizinga."

"Shemeji, wewe humwoni," Zebedayo alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Huyu ana fuvu la mtu mgongoni. Matundu ya macho haya hapa, na taya. Ndiye yuleyule niliyemkuta ukutani hapahapa, wiki aliyofariki kaka Erasmo. Nilinyamaza siku ile. Leo sinyamazi."

Nondo alinyamaza. Lukia aliingiwa na woga, maana hakuwahi kuambiwa habari hiyo ya ukutani. Lakini alinyoosha mkono.

"Stumai, mfunike na khanga uniletee."

"Mama, naogopa."

"Najua. Mlete polepole."

Stumai alimleta. Lukia aliingiza mkono ndani ya khanga, akamshika. Alikuwa mnene kama kidole gumba, mwenye manyoya laini kifuani, na mwili wote ulikuwa unatetemeka kwa joto. Akalia tena mkononi mwake. Alinukia asali. Erasmo alikuwa akimwita mwizi mwenye adabu, kwa kuwa, alisema, anapiga hodi kwanza: akiingia mzingani hulia hivyo, na nyuki wanamwacha apite anywe asali kana kwamba ni wa nyumba ileile. Lakini si mara zote. Mwaka mmoja Erasmo alifungua mzinga akamkuta mmoja amekufa ndani, nyuki wamemfunika kwa gundi yao, mzima mzima kama amevishwa sanda.

"Zebedayo," alisema Lukia, "hawa wamekuja kwenye mizinga yetu miaka yote tuliyoishi na Erasmo. Kaka yako alikufa mara moja tu."

Zebedayo hakucheka. Lukia akaenda mwenyewe hadi mlangoni, akapapasa kizingiti, akafungua kiganja nje. Alisikia upepo wa mbawa ukimpita shavuni, halafu basi.

Asubuhi habari ilikuwa imezunguka kijiji kizima. Wanawake walikuja kumsalimia Lukia kwa sauti za kumwuguza mtu asiyeumwa. Dorkas, jirani yao, alikaa kitako muda mrefu bila kusema alichojia, mwisho akatoa: "Safari hii ya macho, Mama Anaeli, si mngeiahirisha? Barabara imelowa. Na dalili imekwisha kuonekana." Hata Anaeli alipiga simu kutoka Nyumba ya Mungu. Nyuma yake Lukia alisikia injini ya mtumbwi na watu wakibishana bei ya perege.

"Mama, mzee Zebedayo kaniambia. Usiende."

"Kakuambia na kwamba nilimshika mkononi?"

"Ndiyo maana nasema usiende. Nimeshamzika baba. Ngoja mwakani."

Lukia alirudisha simu kwa Stumai. Ukweli ni kwamba aliogopa. Mtu anaweza kujua habari za mdudu, anakula nini na analia vipi, na bado jioni, akiwa peke yake kitandani, akajiuliza kwa nini ameingia nyumba hii na si nyingine. Alimwuliza Mungu jambo hilo na hakupata jibu alilolisikia.

Aliyekata shauri alikuwa Stumai. Alikuja akakaa pembeni ya kitanda.

"Mama, mimi nilimwona. Lile fuvu ni kweli lipo, sitakudanganya, na bado naogopa. Lakini bibi yangu kule Same alikuwa akisema, kikiingia nyumbani kitu cha mbawa, fagieni uwanja, mgeni yuko njiani. Mzee Zebedayo ana neno lake, bibi yangu alikuwa na lake. Mimi nimechagua la bibi yangu."

"Na mumeo?"

"Mume wangu akikasirika, atakasirika akiwa ziwani. Kesho kutwa twende."

Lukia alicheka, na alipomaliza kucheka aliona kifua kimekuwa chepesi.

Walimwacha Faraja kwa Dorkas, wakaondoka alfajiri. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Kwenye kona moja ya mteremko gari liliteleza. Lukia alisikia matairi yanazunguka bure, abiria wanapiga kelele, na mtu fulani nyuma akataja jina la Yesu. Alijisemea, kumbe ni leo. Mkono wa Stumai ulimzunguka kiunoni ukambana kwa nguvu ambazo hakujua binti yule anazo. Gari likasimama, tairi moja la nyuma likiwa limetoka nje ya barabara. Walishuka mmojammoja. Stumai hakumwongoza kwa kiwiko siku hiyo, alimgeuzia mgongo, akachutama, akasema, "Panda." Akambeba kama anavyobebwa mtoto, akashuka naye kwenye tope, akiteleza na kujizuia, mpaka mahali pakavu. Vijana wakalisukuma gari likarudi barabarani, wakapanda tena wakaendelea. Walipofika chini kwenye mkonge, joto likawapokea, na Stumai akavuta pumzi ndefu kama mtu aliyefika kwao.

Daktari aliyempasua Lukia aliitwa Clemence, kijana mwenye sauti ya taratibu. Walimchoma sindano ya ganzi wakaanza na jicho la kulia, yeye akiwa macho, na kwa sababu aliogopa alianza kuongea. Alimweleza yote: ndoo, Zebedayo, mlio, mpaka anavyonukia.

"Ninamfahamu huyo," Clemence alisema huku mikono yake ikiendelea. "Nilisoma habari zake. Hata Wazungu wa zamani walikuwa wakimkimbia, kwa ajili ya hilohilo fuvu. Akiingia nyumbani walikuwa wanasema kuna atakayekufa."

"Kumbe! Na wao?"

"Na wao. Usitikise kichwa, Mama. Viwavi wake wanakula majani ya viazi. Hujawahi kuwaona? Wanene, wana mkia kama pembe."

"Macho yalikuwa hayapo, daktari. Labda mkwe wangu."

Stumai alipoambiwa baadaye alishika mdomo. Wale viwavi wa manjano aliokuwa akiwaokota kwenye viazi na kuwatupia kuku! Kumbe msimu mzima alikuwa akiwashika watoto wa yule yule aliyempigisha ukelele kwenye ndoo.

Kesho yake muuguzi alikuja kufungua bandeji. Lukia alikaa kitandani mikono juu ya magoti. Kwanza mwanga ulimchoma, akafumba. Akafumbua tena. Kulikuwa na ukuta wa rangi ya samawati, na dirisha, na majani ya mti nje ya dirisha yakicheza, kila jani na ncha yake. Halafu akageuka, akamwona mwanamke amekaa kwenye stuli, mwembamba, mweusi wa kung'aa, amefunga ushungi wa kijani, ameshika mdomo kwa mikono miwili na machozi yanamtiririka.

"Stumai?"

"Mama, unaniona?"

"Hebu toa mikono." Stumai akaitoa. Lukia alimtazama kwa muda mrefu bila haya, kama anavyotazama mtoto mchanga. "Kumbe una mwanya!"

Stumai akacheka huku analia. "Anaeli hakuwahi kukuambia?"

"Aliniambia wewe ni mzuri. Wanaume hawajui kueleza kitu."

Ndipo alipoliona kovu. Lilitoka kiwikoni mwa Stumai mpaka karibu na kifundo cha mkono, ngozi imekunjamana na kung'aa, kovu la kuungua.

"Na hii?"

"Ya zamani, Mama."

Lukia alilishika. Akakumbuka mwaka wa kwanza wa mkwewe, siku yeye mwenyewe alipojikwaa jikoni akagonga sufuria ya makande yanayochemka, akasikia Stumai anavuta pumzi kwa ghafla. Alimwuliza, umeungua? Na Stumai akamjibu kwa sauti ya kawaida kabisa, hamna kitu Mama, imemwagikia chini, usijali. Wiki ile yote alipika, akafua, akamwongoza, kiwiko kile kile akimpa ashike.

Lukia aliuinua mkono ule akauweka shavuni kwake, na wakakaa hivyo mpaka muuguzi alipokuja kuwaambia kuna wengine wanaosubiri.

Baada ya muda walirudi kwa jicho la pili. Nyumbani, Lukia alikuwa kero ya watu wote. Alisimama mbele ya kila kitu: mende, vifungo, mvuke wa chai. Alimkalisha Faraja mapajani akamhesabia meno. Na siku moja mchana, alipokwenda mizingani kuangalia, akamkuta nondo amelala juu ya gome la mti chini ya mzinga, mbawa zimefungwa kama paa la nyumba, rangi yake na ya gome karibu ni moja. Alimwita Stumai, akaja na Faraja, na Zebedayo aliyekuwa akikata nyasi karibu akaja, akasimama mbali kidogo.

Lukia aliinama mpaka pua yake ikakaribia. Fuvu, ambalo gizani enzi za Erasmo hakuwahi kuliona, lilikuwepo kweli, rangi ya njano chafu, na matundu mawili meusi. Akarudisha kichwa nyuma. Halafu akaendelea kutazama, maana alikuwa na hamu ya kutazama kila kitu, na jinsi alivyotazama ndivyo alivyoona mengine: tumbo lenye mistari ya njano na nyeusi kama ya nyuki, mbawa zenye mawimbi ya kahawia kama mbao iliyopigwa randa, na vumbi laini lililong'aa juani.

"Faraja, unaona nini mgongoni pake?" aliuliza.

"Nyani," Faraja alisema mara moja.

Stumai akaangua kicheko. Hata Zebedayo alisogea hatua. Alitazama, akatikisa kichwa, akasema kwamba yeye bado anaona fuvu na hataki mtu amlazimishe kuona nyani. "Sawa, shemeji," Lukia alimjibu. "Fuvu ni fuvu. Lakini mtengenezaji wake alikuwa na mkono mzuri." Wakamwacha pale alipolala.

Jumapili iliyofuata Lukia alipeleka sadaka ya shukrani kanisani, ndoo nzima ya asali. Stumai aliibeba kichwani mpaka mlangoni akasubiri nje kivulini. Ibada ilipokwisha, vitu vikanadiwa uwanjani kama kawaida, ndizi, mayai, jogoo mmoja mwenye kelele, na asali ya Lukia ikagombaniwa. Lukia alisimama mbele ya watu akasema hana hotuba. Alimwonyesha Stumai kwa kidole, pale kivulini. "Yule alinibeba mgongoni," alisema. "Nilitaka tu mjue kwamba sasa nimemwona." Stumai alificha uso kwa ushungi. Na watu walipokuwa wakitawanyika, Zebedayo alimvuta Lukia pembeni, akatazama huku na huku, akamwuliza kwa sauti ya chini kama sindano ile ya macho inauma sana.

"Kwa nini unauliza?"

"Nauliza tu."

"Haiumi, shemeji. Tutakwenda pamoja."

Anaeli alipanda mlimani mwisho wa mwezi, na begi la samaki wakavu begani. Lukia alikuwa amekaa kibarazani anachambua maharage. Alimwona tangu mbali, kwenye kona ya migomba, na hakumtambua. Aliona mwanamume mpana, anatembea kwa kuchoka, na nywele za pembeni zimeanza mvi. Alipokaribia, ndipo akamjua kwa mwendo wa baba yake.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Anaeli! Umezeeka!"

Anaeli akaliweka begi chini. Alipiga magoti mbele yake, na mama yake akamshika kichwa kwa mikono miwili akakigeuza huku na kule, akatazama mvi, akatazama mikunjo ya jua la ziwani pembeni mwa macho.

"Mama, nilikuambia usiende," alisema.

"Uliniambia kwa kuogopa kunipoteza. Hilo nalo nimelishukuru." Akamwachia kichwa. "Nenda ukanawe. Mkeo kapika."

Walikula wote wanne ndani, sinia moja, makande na maziwa ya mgando. Lukia alikula kidogo. Alikuwa anamtazama mmoja, anahamia kwa mwingine, anarudi kwa wa kwanza, mpaka Stumai akamsogezea kijiko.

"Mama, kula. Chakula kinapoa, na sisi hatuendi popote."